Afya ya mama: Futingi ya asubuhi na bukari ya jioni



Swali limekuja mara tatu katika mikutano ya mwezi huu. Kila mama alilileta kwa maneno yake, lakini ni swali moja: "Nimeanza futingi, nimepunguza kula, na kilo haziondoki. Shida iko wapi?" Mmoja alisema anakimbia asubuhi tatu kwa wiki na anakula mara moja tu kwa siku, jioni. Wiki ya tatu alishikwa na kizunguzungu kisimani, ndoo ikamwangukia. Mwingine amekwisha kuacha. Anasema mwili wake unakataa.

Mwili haukatai. Ni hesabu ambayo haijafanywa, na leo tuifanye pamoja. Mama anayeuza sokoni anafanya kubwa kuliko hii kila siku.

Tuanze na mbio zenyewe. Mtu anapokimbia, mwili wake unatumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake, katika kila kilometa. Kutembea kunatumia kidogo kuliko hapo. Basi mama wa kilo 80 ambaye anachanganya kutembea na kukimbia kwa kilometa 3 anatumia kama kalori 200. Akifanya mara tatu kwa wiki, ni 600. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori kama 7,700. Gawa mwenyewe: inatoka wiki kumi na mbili au kumi na tatu. Karibu miezi mitatu ya kuamka mapema kwa kilo moja tu.

Sisemi hivi ili mama aache. Ninasema kwa sababu mama aliyeahidiwa kilo tano kwa mwezi ndiye anayeacha wiki ya tatu. Futingi ina kazi yake kubwa: moyo, tansio, sukari ya damu, usingizi, na kichwa kilichojaa mawazo ya ada za shule. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linaomba kila mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kiasi kwa wiki, hata yule ambaye hana kilo za kupunguza. Lakini kilo zenyewe zinaondoka zaidi kwa njia ya sufuria.

Tuingie jikoni basi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe mekundu ama ya chupa, kina kalori kama 120. Vijiko viwili ni 240. Futingi yako yote ya asubuhi imekwisha kurudi, na bado hujagusa bukari. Angalia sasa namna tunavyopika sombe siku ya wageni. Robo lita ya mafuta ikiingia katika sufuria ya watu saba, kila mtu amekula karibu kalori 300 za mafuta peke yake, na karanga hazijahesabiwa. Hakuna anayeyaona, kwa sababu yamejificha ndani ya majani. Mama atasema kwa haki kabisa: "Mimi nilikula mboga tu."

Hapa kuna jambo ambalo magazeti ya mjini hayasemi, kwa sababu yanaandikia watu wanaopika sufuria ya mtu mmoja. Sufuria yetu ni ya nyumba nzima. Mama akiamua kupunguza mafuta kwa ajili ya kiuno chake, anampunguzia pia mtoto wa miaka miwili, na huyo mtoto anayahitaji sana. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kubeba bukari nyingi. Mafuta ndiyo yanayompa nguvu ndani ya chakula kidogo. Tena mafuta mekundu yana vitamini A ya macho yake. Kwa hiyo usiwanyime watoto. Pika kwa mafuta machache, toa sehemu yako na ya baba kama naye tumbo limekuja mbele, kiisha ongeza kijiko cha mafuta mekundu juu ya mboga ya watoto. Ni kazi ya nusu dakika. Chungu ni kimoja, watu wawili wamepata kila mmoja dawa yake.

Na kuna mlo mwingine ambao hakuna mama anayeuhesabu: mabaki ya watoto. Mtoto anaacha kipande cha bukari, mama anakimaliza juu ya kutotupa chakula. Mwingine anaacha nusu ya mkate wa kukaanga, mama anaumeza akiosha vyombo. Ukiwa na watoto watano, huo ni mlo mzima. Jipakulie sahani yako mwanzoni, kaa chini, kula. Ya watoto yaliyobaki yafunikwe. Saa mbili hazipiti watakuja kuyaulizia wenyewe.

Juu ya sukari nitasema kwa ufupi, maana kila mama anajua. Chai ya vijiko vitatu, mara tatu kwa siku, ni kalori 150 ama zaidi. Chupa moja ya sukre ya sentilita 33 ni kama 140. Bia kubwa inakaribia 300, na katika arusi na matanga hatunywi moja. Hivi ndivyo vitu vya kwanza kuondoa, kwa sababu vikiondoka hakuna njaa inayokuja nyuma yake. Maji hayana kalori hata moja.

Bukari sasa, maana ndiyo ambayo wengi wanaianza kuikata, na ninadhani wanaianza vibaya.

Watu wanasema bukari inanenepesha. Wakimbiaji wa Kenya wanaijibu hiyo. Watafiti walipopima kwa siku saba chakula cha wakimbiaji wakubwa kumi karibu na Eldoret, utafiti uliotoka mwaka 2004, walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu yao inatoka katika vyakula vya wanga. Ugali peke yake, ambao ndio bukari yetu, ulikuwa karibu robo ya nguvu yote, na sukari karibu sehemu ya tano. Na wale ni watu wembamba kama fito! Lakini usikimbilie kujaza sahani kwa jina lao. Kazi yao ni kukimbia, asubuhi na tena mchana, kilometa nyingi sana kila wiki. Wewe unafanya kilometa 9 kwa wiki, na nyingi kati yake ni za kutembea. Bukari haina kosa. Inataka tu ilingane na kazi. Donge la ukubwa wa ngumi zako mbili linamtosha mama anayekaa sokoni. Siku ya futingi, ongeza vipande viwili vitatu, wala usione haya.

Ninachoogopa ni mama anayetoa maharage na ndagala "ili apungue", na kubaki na bukari ya mihogo na majani tu. Huyo amepunguza kitu kisichopaswa kuguswa. Maharage, ndagala, yai, finkubala wakati wake, soya, karanga kiasi: hivyo ndivyo vinavyoshikilia nyama ya mwili wako wakati mafuta yanatoka. Bila hivyo unapungua, ndiyo, lakini unapungua misuli, na kwa misuli ndiyo unakimbia. Tena ndivyo vinavyoshibisha kwa muda mrefu. Sahani ya maharage inakufikisha jioni. Bukari tupu inakuacha katikati ya mchana ukitafuta mikate ya kukaanga.

Kwetu ambao unga wetu ni wa mihogo zaidi, kuna sababu ya pili, nzito. Mihogo michungu ina sumu ambayo tunaitoa kwa kuiloweka siku za kutosha na kuianika vizuri, kama mama zetu walivyotufundisha. Sumu kidogo inayobaki, mwili unaiondoa wenyewe, lakini kwa kazi hiyo unahitaji protini za samaki, maharage na mayai. Mtu anayekula mihogo isiyoloweka sana, na hana protini, anaweza kupata konzo: miguu inakauka kwa siku moja na hairudi tena. Daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa huu katika Kongo yetu mwaka 1938, na hata miaka yetu hii Kahemba, katika jimbo la Kwango, unajulikana sana. Unashika zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Basi mama asimame imara hapo: anayetaka kupungua apunguze mafuta, sukari na ukubwa wa donge. Ndagala zibaki.

Na yule mama wa kisimani? Hesabu yake iko hivi. Alikula jioni, akalala, akaamka akakimbia, akachota maji, akafagia, akaenda sokoni, na tumbo halikuona kitu mpaka jioni ya pili. Kukimbia dakika thelathini kabla ya kula si vibaya kwa mama mwenye afya, mradi alikula vizuri usiku na akanywa maji alipoamka. Ubaya ni kukaa saa nyingine kumi baadaye bila chakula. Miguu inakuwa mizito, kiisha usiku njaa inalipa deni lote kwa mara moja, pamoja na faida. Anayekula mara moja hivyo, mara nyingi sahani yake ya jioni ni ya watu wawili. Afadhali uji baada ya futingi, wenye karanga zilizosagwa kijiko kimoja, ama maharage ya jana yaliyopashwa, mchana kitu, jioni donge lake na mboga nyingi, lengalenga ama matembele, na samaki.

Lakini kizunguzungu kisipoondoka hata baada ya kula vizuri, usiendelee kujibu kwa bukari. Inaweza kuwa damu kidogo, na katika nchi yetu ya malaria na minyoo ni jambo la wamama wengi. Nenda kituo cha afya, wapime damu. Siku yenye homa hakuna futingi kabisa.

Sasa namna ya kukimbia. Wanaoanza wanakosea wote mahali pamoja: wanaanza kama watoto wanaokimbizana, dakika mbili wamekwisha. Mwaka 1996 kijana wa Marekani anayeitwa Josh Clark alitunga mpango wa wiki tisa kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia, akimfikiria mama yake mwenyewe. Baadaye hata huduma ya afya ya Uingereza iliuchukua. Wiki ya kwanza ni hivi: tembea kwa nguvu dakika tano. Kiisha kimbia sekunde 60, tembea sekunde 90, rudia hivyo mpaka zipite dakika ishirini. Maliza kwa kutembea. Siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kila wiki mbio zinarefuka kidogo, na mwisho wa wiki tisa mtu anakimbia nusu saa bila kusimama. Kama wiki imekuwa ngumu, irudie. Hakuna anayekufukuza.

Bila saa mkononi, tumia mguu wa kulia. Kimbia polepole ukihesabu kila mara mguu wa kulia unapogusa chini, mpaka 80: hiyo ni karibu dakika moja. Kiisha tembea haraka na uhesabu tena mguu wa kulia mpaka 80: hiyo ni karibu dakika moja na nusu, kwa sababu hatua za kutembea zinachelewa. Hesabu ni ileile mara zote mbili, hata mama ambaye hakufika shuleni ataishika. Na mwendo wako upime kwa mdomo. Ukiweza kuzungumza na mwenzako, mwendo ni mzuri. Ukikosa pumzi ya kujibu, punguza, hata kama watoto wa njiani wanakupita.

Viatu vya mpira vya mitumba vinatosha kama nyayo bado ina unene na kisigino hakichezi, sandali hapana. Sutieni iwe ya kubana, ama vaa mbili pamoja. Barabara kubwa ina malori na vumbi. Uwanja wa mpira ama njia ya shamba ni bora, udongo ni laini kwa magoti. Kati ya reli msipite, hata kama siku nyingi hamsikii treni.

Mtu atauliza: na mimi ninayekwenda shambani kwa miguu na kurudi na beseni la mihogo kichwani? Mama, wewe umekwisha kufanya futingi. Mwezi wa kulima usijiongezee mbio juu ya jembe. Mwili hauna mahali pa kuzitoa. Mpango huu ni zaidi kwa mama anayekaa sokoni, mwalimu, mshonaji, mwenye duka, na kwa wote kiangazi kazi za shamba zikipungua. Mkulima mwenye kilo nyingi, kwake jibu liko karibu lote katika mafuta, sukre na bia.

Halafu kuna macho ya watu. Hapa kwetu mtu mzima akikimbia, swali la kwanza ni nini kinamfukuza. Wazee wa Kasaji wana sababu. Wanakumbuka mwezi wa tatu wa 1977, vita vilipotoka upande wa Angola vikapita Dilolo, Kisenge, hapa kwetu, mpaka Mutshatsha, na mbio za siku hizo hazikuwa za afya. Dawa ya macho ni wingi. Mama mmoja akikimbia na kikwembe anachekwa. Wamama nane waliovaa nguo moja ya chama wanapigiwa makofi. Mjini Kolwezi na Lubumbashi makundi ya futingi ya Jumamosi yamekuwa jambo la kawaida, na yalianza hivyohivyo.

Maneno ya kupungua ni magumu kuliko hayo. Mama akitoka kilo 85 kwenda 75, jirani mmoja atasema mume hamlishi, wa pili atanong'ona juu ya ugonjwa. Kwa sababu hiyo wengine wanarudi kula. Ninaona afadhali kulisema mapema nyumbani, kwa mume na kwa mama mkwe: "Nimeanza futingi, tansio yangu imepanda, nataka ishuke." Aliyeambiwa mapema ndiye atakayekutetea huko nje. Na uzito unaoondoka wenyewe, bila futingi na bila kupunguza chakula, huo usiufurahie, nenda ukapimwe.

Kwa walio na mimba, na waliozaa hivi karibuni: mbio zisubiri miezi mitatu baada ya kuzaa, na aliyepasuliwa aulize mkunga kwanza. Kutembea kunaruhusiwa. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, si pungufu, basi asifunge tumbo. Aondoe sukre na bia, yatosha. Kama mkojo unatoroka unapokimbia, usinyamaze kwa haya. Ni wamama wengi, na muuguzi ana mazoezi ya kukuonyesha. Mwenye tansio ya juu, sukari, ama ugonjwa wa damu wa SS, apite kituo cha afya kabla ya siku ya kwanza. Vidonge na majani ya kupunguza vinavyouzwa sokoni, vingi ni vya kuharisha: vinatoa maji, mafuta yanabaki palepale, na kwa anayekimbia juani ni hatari.

Mwisho, kipimo. Wengi hatuna mizani, na mizani ya kila siku inachanganya kichwa, kwa sababu maji, chumvi na siku za mwezi zinacheza na kilo. Chukua kamba ya nguo. Asubuhi kabla ya kula, izungushe juu ya kitovu bila kubana, funga fundo pale ncha zinapokutana, iweke ndani ya sanduku. Iguse tena mwisho wa mwezi tu. Kupungua kilo moja ama mbili kwa mwezi ni vizuri sana, na fundo litasogea kwa upana wa kidole kimoja hivi. Walio tayari kwa wiki ya kwanza wakutane Jumamosi uwanjani kabla jua halijapanda, na kila mmoja aje na chupa yake ya maji na kamba yake.